"Fauna" si "wanyama"

Muulize mwanafunzi wa Kiingereza hapa Goma maana ya "fauna", atajibu kabla hujamaliza swali: "Wanyama." Mwambie sasa ataje fauna ya Ziwa Kivu. Atafikiri kidogo, kisha atasema ziwani hakuna wanyama, kuna samaki tu. Jibu hilo linasikika mwaka hadi mwaka, hata kwa watu wanaojiandaa kuongoza watalii, na linachosha.

Kosa hili halitoki kwenye Kiingereza. Linatoka kwenye Kiswahili chetu. Kwetu mnyama ni mbuzi, nyani, tembo. Kwazi ni ndege, siafu ni mdudu, na hakuna mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni atakayekuambia anauza wanyama. Kwa hiyo ukiandika daftarini "fauna = wanyama", kichwa kinaona gorila na tembo, kinafunga mlango. Samaki, ndege, nyoka, konokono, nyungunyungu na mbu wanabaki nje, na wote hao ni fauna.

Maana yenyewe ni hii: jumla ya viumbe wote walio wanyama kwa maana ya biolojia, wa mahali fulani au wa kipindi fulani. Linnaeus, yule mtaalamu wa Sweden, alipochapisha mwaka 1746 orodha ya viumbe vya nchi yake, aliiita Fauna Suecica, yaani fauna ya Sweden, na humo wadudu na minyoo wamo pamoja na wanyama wakubwa. Mahali napo pamo kwenye jina. Fauna bila mahali wala kipindi inaning'inia hewani, ndiyo maana sentensi kama "I like fauna" inamshangaza Mwingereza ingawa sarufi yake haina kosa.

Basi futa ile tafsiri ya neno moja. Andika mistari mitatu: "the fauna of Lake Kivu", "native fauna", "The fauna of the park is rich", kitenzi kikiwa cha umoja. Kisha mpime sambaza kwa mistari hiyo. Aliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Je, yumo kwenye "the fauna of Lake Kivu"? Yumo, anavuliwa humo usiku. Yumo kwenye "native fauna" ya ziwa hilo? Hayumo, maana "native" ni wenyeji wa asili. Anayeweza kueleza tofauti hiyo kwa samaki mmoja amelielewa neno kuliko aliyekariri kamusi nzima.

Kuna na kauli nyingine za wanafunzi za kusahihisha. "Niliona fauna tatu." Hapana. Fauna ni kama ukoo: ukikutana na mjomba wa mtu njiani husemi umekutana na ukoo. Umeona "three animals", au "three species" kama ni aina tatu. (Na "species" haipotezi s yake kwenye umoja, "specie" ni pesa za sarafu.) Wingi "faunas" upo, lakini ni wa kulinganisha sehemu mbili, kwa mfano Kivu na Tanganyika.

"Inatamkwa kama Kifaransa." Hapa ndipo wengi waliosoma shule zetu wanaanguka. "Faune" ya Kifaransa ina silabi moja. Ukiipeleka hivyo kwenye Kiingereza, msikilizaji anasikia "fawn", mtoto wa kulungu wa Ulaya, ambaye kwenye hifadhi yetu ya Virunga hayupo kabisa. Wengine wanasoma kama Kiswahili, fa-u-na, nayo si sahihi. Sema fo-na: vuta "fo" huku midomo ikiviringika, kisha malizia kwa "a" nyepesi isiyo na mkazo.

"Mbuzi wa nyumbani ni fauna." Kwa kawaida mifugo haihesabiwi. Miti je? Hiyo ni "flora", tusipoteze muda.

"Neno la kitaalamu linampendeza mtalii." Halimpendezi, linamchekesha. Kinyonga akiwa tawini, sema "a chameleon". Kama hujui jina, sema "an animal". Kwa mazungumzo ya kawaida kuna "wildlife". "Fauna" ni ya ripoti, ubao wa maelezo na mtihani.

Na mkiandika maneno yote mawili pamoja, mpangilio unageuka. Kifaransa husema "la faune et la flore", Kiingereza husema "flora and fauna", mimea mbele. Ukianza na fauna hakuna atakayekuita mjinga, ila msahihishaji atajua papo hapo kwamba sentensi ilifikiriwa kwa Kifaransa.