Forensiki sio ile ya kwenye tamthilia: dhana potofu za wanafunzi wetu huku Tabora

Taja forensiki kwenye klabu ya sayansi yoyote hapa Tabora mjini, kabla hujamaliza sentensi mtu kashauliza kuhusu maiti. Vichwani mwao kuna jamaa kavaa ovaroli jeupe, anaokota unywele mmoja, anauingiza kwenye mashine, alafu sura ya muuaji inatokea kwenye skrini pamoja na mtaa anaoishi. Mashine ya hivo haipo popote duniani. Sasa nawaandikia madogo wa form three mpaka form six, na walimu wenzangu wa sayansi pia maana baadhi yetu tunazirudia hizihizi dhana darasani.

"Forensiki ni mambo ya mauaji"

Ni sayansi yoyote ambayo majibu yake yanaweza kusimama mahakamani. Noti bandia imo, wosia wenye saini ya kutiliwa shaka umo, pembe za ndovu zimo, na asali imo. Hapo kwenye asali ndo huwa naona watu wanakaa vizuri kwenye viti, sababu huku kwetu kila mtu ni mtaalamu wa kupima asali: chovya njiti ya kiberiti uone kama itawaka, dondoshea kwenye glasi ya maji, angalia kama sisimizi wanaikimbilia, na ikiganda tu basi muuzaji kaweka sukari.

Hakuna hata kimoja hapo cha kumpelekea hakimu. Kuganda ni tabia ya asali yenyewe, glukosi inajitenga inakuwa punjepunje, kwahiyo asali safi kabisa inaweza kuganda huku iliyochakachuliwa bado inatiririka, na wafugaji nyuki wangapi wameitwa matapeli kwa sababu hiyo tu, aisee. Njiti nayo inakwambia habari za unyevu, basi. Maabara inaanza na hadubini, inatafuta chavua ili kujua nyuki walitua kwenye maua ya mimea gani. Alafu inapima kaboni. Miwa na mahindi hutengeneza sukari kwa njia tofauti na miti mingi ambayo nyuki wanaitembelea, miti ya miombo ikiwemo, na ile tofauti inabaki ndani ya sukari kwenye uwiano wa kaboni-13 na kaboni-12, yaani aina mbili za kaboni, moja nzito kidogo kuliko nyingine. Sukari yetu ya dukani ni ya miwa, ukiimimina kwenye asali uwiano unasogea, ikizidi kama asilimia 7 hivi kipimo kinaikamata. Ila kuna sukari ya biti wanayotengeneza sana Ulaya, hiyo mmea wake unatumia njia ileile ya miti yetu, kwahiyo kipimo hiki kinaipitisha kama kawaida na inabidi utafute kipimo kingine. Hapo ndo nawaambiaga washike kalamu: kila kipimo kina kinachokiona na kisichokiona, na mtaalamu anayekuficha hicho cha pili mwogope.

"DNA ikishasema imesema"

Hii ndo sugu kuliko zote. Kwanza watu wanadhani maabara inasoma vinasaba vyote vya mtu mwanzo mwisho. Hapana, inaangalia sehemu chache, kwenye mfumo wa Marekani ni 20, ambapo vipande vifupi vya DNA vinajirudia na idadi ya kujirudia inatofautiana mtu na mtu. Zisipofanana, na kazi imefanywa vizuri, yule mtu anatolewa. Zikifanana ndo unapewa uwezekano, mkubwa sana mara nyingi lakini bado ni uwezekano, na mapacha wa kufanana wanatoka sawasawa kwenye kipimo hiki.

Na ukiangalia historia, kwenye kesi iliyoipa DNA jina kwenye upelelezi kazi yake ya kwanza ilikuwa kumtoa mtu. Alec Jeffreys aligundua namna ya kutofautisha watu kwa DNA mwaka 1984 pale Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza. Mwaka 1986 polisi wa eneo hilohilo walikuwa wamemshika kijana wa miaka 17 ambaye alikuwa KAKIRI kumuua binti mmoja kati ya wawili waliouawa, tena kakiri kwa mdomo wake. Kipimo kikaonyesha sio yeye kwa binti wa kwanza wala wa pili, na kwamba aliyewaua wote ni mtu mmoja. Ikabidi wachukue sampuli kwa wanaume kama 5,000 wa vijiji vya jirani, hawakumpata, kwa sababu muuaji Colin Pitchfork alimtuma mfanyakazi mwenzie akatoe damu kwa jina lake, na walimnasa baada ya yule mwenzie kuropoka baa. Kwahiyo sayansi ilimwokoa asiyehusika, ila mhusika kapatikana kwa umbea.

Sasa upande wa pili. Ujerumani walimtafuta kwa miaka mwanamke mmoja ambaye DNA yake ilikuwa inaonekana kwenye matukio kama 40, mauaji, wizi wa magari, kuvunja nyumba, mpaka Austria na Ufaransa huko, na baada ya askari mmoja kuuawa Heilbronn mwaka 2007 msako ukawa mkubwa, zawadi ikafika euro 300,000. Mwaka 2009 ndo wakagundua huyo mwanamke ni mfanyakazi wa kiwanda kinachofungasha pamba za kuchukulia sampuli, alikuwa anazigusa tu kazini, hana kosa lolote. Pamba zilikuwa zimetakaswa, ndio, lakini kutakasa kunaua vijidudu, DNA inabaki palepale. Ukimfundisha mwanafunzi wa biolojia kitu kimoja tu kuhusu forensiki mfundishe hiki.

Ndo maana hata kwenye Sheria yetu ya Ushahidi ripoti ya mtaalamu inahesabika kama maoni. Hakimu anaweza kuyakataa akitoa sababu zake.

"Nikichukua nywele za mtoto saluni nitajua kama ni wangu"

Swali hili sio la wanafunzi, ni la baba zao, lakini linakuja kupitia kwao. Unywele uliokatwa hauna mzizi, na kwa vipimo vya kawaida usio na mzizi unakupa zaidi DNA ya mitokondria ambayo mtoto kairithi kwa mama. Kwahiyo mzee utathibitisha mama ni nani! Afu kwa Tanzania kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, haujiendei tu na bahasha yako kwenye maabara ya serikali kwa Mkemia Mkuu, unapitia ustawi wa jamii, au wakili, au mahakama.

Kama unataka mfano mzuri wa kutafuta baba kwa DNA panda treni mpaka Kigoma. Sokwe wa Gombe, majike wanapandwa na madume kadhaa, hata ukiwaangalia msituni mwaka mzima huwezi kujua baba ni yupi. Watafiti wanaokota kinyesi, ndani yake kuna seli za utumbo wa sokwe mwenyewe, wanapima hizo. Bila sindano na bila kumgusa mnyama.

"Ushahidi wa damu weka kwenye mfuko wa nailoni ufunge kabisa"

Nguo yenye damu mbichi ukiifunga kwenye nailoni unyevu unabaki ndani, fangasi na bakteria wanakula hiyo DNA. Inakaushwa, inawekwa kwenye karatasi, bahasha ya kaki inatosha. Marambo yalipigwa marufuku nchini 2019 kwa sababu za mazingira, ila hata upelelezi umefaidika kidogo, nadhani. Na kila anayeshika kile kielelezo lazima aandikwe, nani kakipokea kwa nani na lini, kwa sababu watu wameachiwa na Mahakama ya Rufani pale mnyororo huo ulipokatika, hata majibu ya maabara yawe mazuri namna gani. Na hili niliseme wazi kwa mabinti na wavulana pia: mtu akifanyiwa ukatili wa kingono asioge na asifue nguo, aende hospitali au polisi haraka, ndani ya saa 72 kuna dawa za kuzuia VVU na ushahidi bado upo. PF3, ile fomu ya kumpeleka aliyeumizwa hospitali, inatolewa polisi, lakini hali ikiwa mbaya matibabu ndo yanaanza.

"Daktari anajua saa kamili ya kifo"

Hajui, anakadiria. Mwili unapoa na kukakamaa kwa kasi inayotegemea joto, nguo, unene, na maiti iliyokaa juani Tabora mwezi wa kumi sio sawa na iliyokaa kwenye baridi ya Makambako mwezi wa saba. Wanasemaga pia nywele na kucha zinaendelea kukua baada ya kufa, hapana, ngozi inakauka inarudi nyuma, kucha inaonekana ndefu.

"Lazima uwe polisi, na shuleni hatuna vifaa"

Huku kwetu polisi wanashughulika na alama za vidole, maandishi na silaha, ila DNA, sumu na dawa za kulevya ni kwa Mkemia Mkuu, maabara iliyoanza 1895 enzi za Mjerumani, na huko wanataka wakemia na wanabiolojia. PCB (fizikia, kemia, biolojia) na PCM (fizikia, kemia, hesabu) zote zina njia.

Vifaa vipo. Saga mkaa uwe laini kabisa, nyunyiza kidogo kwenye glasi iliyoshikwa, pangusa kwa brashi laini, bandika selotepu, hamishia kwenye karatasi nyeupe, alama hiyo. Lakini msiishie hapo mkashangilia. Mwaka 2004 baada ya mabomu ya Madrid, FBI, wapelelezi wa Marekani, walisema alama kwenye mfuko wa vilipuzi ni ya wakili mmoja wa Oregon, wakamweka ndani kama wiki mbili, kumbe ni ya mtu mwingine kabisa na Wahispania ndo waliomtambua. Waliohakiki kazi ya mtaalamu wa kwanza walikuwa wanajua tayari kasema nini. Kwahiyo mkifanya darasani gaweni alama zilezile kwa makundi mawili yasiyoongea, changanyeni na alama ambazo hazina mwenyewe humo ndani, kila kundi liandike jibu lake kwenye karatasi na likunje, na "haitoshi kusema" iwe jibu linalopewa maksi.