Kurejea Kura ya Maoni: Maana Yake, na Lini Inafaa

Kurejea kura ya maoni ni kuwauliza wananchi upya jambo ambalo walikwisha kuliamua kwa kura. Si kuhesabu kura upya, wala si kesi ya wizi wa kura. Huko kinachohojiwa ni kama matokeo yaliyotangazwa ni ya kweli. Hapa kila mtu anakubali kwamba matokeo ni hayo hayo. Ubishi ni kama uamuzi ule uendelee kutubana.

Ubishi huwa mkali zaidi nchi ikigawanyika karibu nusu kwa nusu. Tarehe 23 Juni 2016, asilimia 51.9 ya waliopiga kura Uingereza walitaka kutoka Umoja wa Ulaya, na 48.1 wakataka kubaki. Nchi haikutoka rasmi hadi 31 Januari 2020, na muda wote huo walioshindwa walidai kura ya pili, nao walioshinda wakawaambia, kwa maneno yao, kile tunachokijua sisi: asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini kura ya 2016 yenyewe ilikuwa marejeo. Mwaka 1975 Waingereza walikwisha kuulizwa kama wabaki katika Jumuiya ya Ulaya ya wakati huo, na theluthi mbili wakasema wabaki. Kwa hiyo waliokuwa wakisema "mmeshaulizwa, yamekwisha" walishinda kwa kufungua jambo lililokwisha.

Kwetu Kenya mfano tunao, ila hatuuiti hivyo. Tarehe 21 Novemba 2005 tuliletewa rasimu ya katiba, Ndiyo ikiwa na alama ya ndizi na Hapana ikiwa na chungwa. Chungwa likashinda kwa asilimia 58 hivi. Siku mbili baadaye Rais Kibaki akavunja baraza la mawaziri, na mgawanyiko ule ukaingia moja kwa moja kwenye uchaguzi wa 2007. Baada ya damu iliyomwagika, swali la katiba likarudi. Tarehe 4 Agosti 2010, safari hii kijani kwa nyekundu, zaidi ya theluthi mbili ya wapiga kura wakasema Ndiyo. Pwani hii hii iliyoikataa katiba ya 2005 kwa kishindo iliikubali ya 2010 kwa kishindo.

Hapa Lamu kijana mmoja alimuuliza mzee suala hilo, wamekaa Mkunguni mbele ya ngome, dele la kahawa likizunguka. "Ami, si nyinyi mlikataa katiba? Mbona mkaja mkaikubali?" Mzee akapuliza kikombe kwanza. "Mwanangu, tuliyoikataa ni ile. Hii ilikuwa nyengine."

Jibu hilo lina uzito kuliko hotuba nyingi. Rasimu ya 2010 iliandikwa upya na kamati ya wataalamu, ikaleta kaunti na magavana, ikapunguza mamlaka ya Rais. Mwananchi hakuulizwa tena swali lile lile mpaka achoke kukataa. Mimi naona hiki ndicho kipimo cha kwanza: je, kilichowekwa mezani kimebadilika, au kinachotafutwa ni jibu tu?

Ireland ndiyo yenye kutatiza. Juni 2001 walikataa Mkataba wa Nice, wa Umoja wa Ulaya. Oktoba 2002 wakaulizwa tena, wakakubali. Juni 2008 wakaukataa Mkataba wa Lisbon, nao wa Umoja huo, kwa asilimia 53. Oktoba 2009 wakaulizwa tena, wakakubali kwa asilimia 67. Watetezi wanasema kwamba katikati serikali ilileta hakikisho kuhusu kodi, kutofungamana kijeshi na mambo ya uavyaji mimba, na ni kweli. Ila jambo moja linaniwasha. Waliposema Hapana, waliulizwa tena. Waliposema Ndiyo, hakuna aliyekuja mwaka wa pili kuwauliza kama bado wanataka. Mlango unaofunguka upande mmoja tu humfanya mpiga kura ajione anachezewa, hata kama kila hatua ilifuata sheria.

Nchi hiyo hiyo ina mfano mwingine ambao haunipi shida hata kidogo. Mwaka 1986 Wairelandi walikataa kuruhusu talaka, kwa zaidi ya asilimia 63. Wakaulizwa tena 1995, miaka tisa baadaye, na Ndiyo ikapita kwa tofauti ya kura zisizofika elfu kumi nchi nzima. Mwaka 2019 wakarudi kupunguza masharti yake, na zaidi ya asilimia 80 wakakubali. Wembamba ule wa 1995 ungeweza kuwa chanzo cha kudai marudio kila mwaka, lakini watu waliachiwa muda wa kuishi na uamuzi wao.

Kwa kuwa tumetaja talaka, msomaji wa Lamu hahitaji kuelezwa sana wazo hili. Talaka ya kwanza na ya pili zina rejea: mume anaweza kumrudia mke ndani ya eda bila ndoa mpya. Eda ikipita, ni nikaha mpya na mahari mapya. Ya tatu ina masharti mazito zaidi. Kurudi kunaruhusiwa, lakini muda na masharti yamejulikana kabla hata mtu hajafungua kinywa kutamka. Kura ya maoni nayo yafaa iwe hivyo, kanuni ya kuirejea iandikwe kabla ya kupiga kura, si baada ya kuona nani kashindwa.

Katiba yetu imejaribu. Vifungu vya 255 hadi 257 vinasema mambo gani hayaguswi bila kura ya maoni: muhula wa Rais, haki za raia, uhuru wa mahakama, muundo wa ugatuzi na mengineyo. Kura hiyo haitoshi kupata wingi tu. Lazima angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika nusu ya kaunti au zaidi. Anayeanzisha mageuzi kutoka kwa umma anahitaji saini milioni moja za wapiga kura, kisha mabunge ya kaunti 24. Kampeni tatu zilijaribu njia hiyo: Okoa Kenya ilikwama kwenye saini mwaka 2016, Punguza Mizigo ikakataliwa na kaunti, na BBI (Building Bridges Initiative) ikaangukia mahakamani, Mahakama ya Juu ikiihitimisha tarehe 31 Machi 2022. Wako wanaolalamika kwamba mlango ni mwembamba mno. Mimi naona wembamba huo unamlinda hata aliyeshindwa, maana kesho naye atakuwa mshindi.

Kuna sababu moja ambayo hata mimi singedai muda wala swali jipya: watu wakiwa wamedanganywa kwa takwimu. Mwaka 2016 Waswisi walipiga kura kuhusu kodi ya wanandoa, serikali ikiwa imewaambia kwamba wanaoumia ni wanandoa wenye kazi jozi 80,000. Baadaye ikaonekana ni zaidi ya 450,000. Mwaka 2019 mahakama yao kuu ikaifuta kura ile. Lamu tunajua jambo la jinsi hiyo, ingawa halikuwa kura: leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi ilifutwa na Mahakama Maalumu ya Mazingira Juni 2019, kwa sababu, pamoja na mengine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Mabarazani mazungumzo haya hayakawii kuteleza hadi kwenye Mwambao, yaani dai la ukanda wa Pwani kujitenga na Kenya. Hilo si la kurejea. Mwaka 1963 ukanda wa maili kumi uliingizwa Kenya kwa mapatano ya serikali, na wakazi hawakupigishwa kura hata mara moja; hakuna matokeo ya kufungua. Kinachoweza kufunguliwa ni Mahakama za Kadhi, zilizoahidiwa wakati ule, zikapingwa na makanisa mengi 2010, na hata hivyo zikabaki. Sehemu inayowaruhusu Waislamu wafuate sheria yao katika ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu imo kwenye sura ya haki, kifungu cha 24. Anayetaka kuiondoa sehemu hiyo, kura ya maoni inamsubiri, pamoja na asilimia 20 ya kila kaunti atakayohitaji, na Lamu itakuwa miongoni mwa zinazohesabiwa.