Gari Halipigi Stata: Dhana Zinazotumalizia Hela

Asubuhi moja ya masika gari langu liligoma nje ya nyumba. Nikageuza ufunguo, likatoa mlio mmoja tu, "ta!", kisha kimya. Majirani hawakukawia. Wa kwanza akasema betri, wa pili pampu ya mafuta, wa tatu akaapa kwamba plagi zimelowa. Fundi alipofika, hata boneti haijafunguliwa, akakata kesi: "Stata hiyo imekufa, bosi." Mpaka jioni nilikuwa nimeshanunua stata ya mtumba, imefungwa, na gari liko palepale linasema "ta!"

Mafundi wetu wana kauli mbili ambazo sisi wenye magari huzichanganya. Gari "linapiga stata ila haliwaki", na gari "halipigi stata". La kwanza injini inazunguka, unaisikia, lakini haishiki. La pili injini haizunguki kabisa. Anayempigia fundi simu na kusema tu "gari haliwaki" amempa nafasi ya kubahatisha, na bahati nasibu hiyo analipia yeye.

"Labda mafuta yameisha, au plagi"

Stata ni mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake. Inachohitaji ni betri, waya, amri ya ufunguo, na injini isiyokwama. Tangi likiwa kavu kabisa na plagi zote zikiwa mezani, injini bado itazunguka. Hata taimingi belti ikikatika, mara nyingi injini huzunguka, tena kwa wepesi kuliko kawaida. Kwa hiyo kama haizunguki, anayeanza kufungua plagi mwambie apumzike kwanza.

"Taa zinawaka, kwa hiyo betri ni nzima"

Hii ndiyo inayodanganya watu wengi. Taa kubwa mbili za wati 55 zinatumia kama ampea 9. Stata ya injini ndogo ya petroli inadai ampea 100 hadi 200 kwa mkupuo. Betri iliyochoka inaweza kuwasha taa, redio na dashibodi nzima, halafu ikaanguka pale stata inapoomba chake.

Ukiwa na mita, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6 gari likiwa limezimwa muda. Ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Kipimo chenye maana zaidi ni wakati mtu anageuza ufunguo: betri nzima isishuke chini ya 9.6 hivi.

Huna mita? Washa taa kubwa, uelekeze gari ukutani au umwombe mtu azitazame akiwa pembeni, kisha geuza ufunguo. Taa zikififia au kuzimika, ama betri imechoka, ama kuna kichwa cha betri kilicholegea, ama stata inavuta umeme mwingi kwa sababu kuna kitu kimekwama. Taa zikibaki kali bila kutetereka na husikii chochote, basi mara nyingi umeme haufiki kwenye stata, au stata yenyewe haiupokei, na kununua betri mpya hakutakusaidia.

"Stata imekufa"

Inawezekana. Lakini kwanza sikiliza. Mlio wa haraka wa "ta-ta-ta-ta" kwa kawaida ni betri dhaifu au muunganiko mbovu: solenoidi (swichi nzito ya stata) inavuta, volti zinaporomoka, inaachia, inavuta tena. Mlio mmoja mzito ndio wenye utata. Unaweza kuwa solenoidi iliyolika vipande vyake vya shaba (kwa stata nyingi vipande hivyo vinabadilishwa peke yake), kaboni zilizoisha (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota), injini iliyokwama, au waya tu.

Kwangu ulikuwa waya. Siku ya pili alikuja fundi wa umeme, mzee mmoja mkimya. Hakuigusa stata. Alichukua waya mmoja wa kubustia gari, akabana upande mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini chenyewe. "Piga." Injini ikazunguka kama mpya. Akalala chini ya gari, akatoka na waya wa hasi unaoshuka kutoka betri kwenda kwenye injini, ule wanaouita ethi. Kwa nje ulikuwa mzima. Akauchana gamba kwa kisu: ndani shaba imekuwa kijani, nyuzi nyingi zimekatika, zilizobaki hazifiki kumi. Nyuzi hizo zilitosha kuvuta solenoidi iseme "ta!", lakini hazikutosha kuzungusha mota.

Mwenye mita anaweza kupima hilo bila kukata kitu: ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.3 hivi, njia ya kurudi ina kasoro. Upande wa chanya, kutoka betri hadi stata, usizidi 0.5.

Na ile tabia ya kuifungua stata, kuiweka chini na kuigusisha betri, halafu kutangaza "nzima hii, si unaona inazunguka"? Chini haina mzigo. Kuzunguka yenyewe ni jambo moja, kusukuma injini inayoshindilia hewa kwenye silinda ni jambo jingine. Isipozunguka chini ni mbovu. Ikizunguka, bado hujajua.

Ile ya mtumba sikuweza kuirudisha. Vifaa vya umeme vikishatoka dukani ndiyo imetoka.

"Imegongwa na nyundo ikawaka, imepona"

Kugonga kunazisogeza kaboni zilizolika ziguse tena. Umepata safari moja, pengine tatu. Itumie kwenda gereji.

"Tulisukume tu"

Gari la klachi, sawa, kama kasoro iko kwenye betri au stata. La otomatiki hapana. Pampu inayosukuma hydroliki (mafuta) ya giaboksi inaendeshwa na injini yenyewe. Injini ikiwa imesimama, magurudumu hayana njia ya kuizungusha. Mtachoka bure, na mnaosukuma wengi huwa mmevaa nguo za kazini.

"Kimya kabisa, hiyo kubwa hiyo"

Kimya mara nyingi ni jambo dogo. Kwenye otomatiki sogeza gia kutoka P kwenda N ujaribu tena. Swichi ya gia ikichakaa, gari halijui kama liko P. Kwenye gari la klachi, kanyaga mpaka mwisho. Angalia fyuzi, kisha badilishana rilei (swichi ndogo ya umeme) ya stata na nyingine inayofanana nayo, kama ya honi.

Magari ya kitufe yana vituko vyake. Ufunguo ukiisha betri, gari haliutambui; kwa Toyota nyingi unagusisha upande wa ufunguo wenye nembo kwenye kitufe huku umekanyaga breki. Na kama taa za breki nyuma haziwaki ukikanyaga, swichi ya breki inaweza kuwa ndiyo inayokukatalia. Hapo weka umeme wa redio, kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie kitufe kama sekunde 15. Kwa Toyota nyingi hiyo itakufikisha kwa fundi.

"Lazimisha, itaachia"

Msimu wa mvua, gari likishapita maji ya kiunoni pale Jangwani, Dar es Salaam, na kuzimika, usipige stata hata mara moja. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, pistoni ikipanda inakutana na ukuta, na kinachopinda ni koneksheni rodi, chuma kinachoshika pistoni. Wengine hapo huleta betri kubwa ya lori ili "kuipa nguvu", na kweli nguvu inapatikana, ya kuvunja.

Kwa injini ya petroli, chomoa soketi za koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi), fungua plagi zote, simama pembeni, ndipo upige stata. Maji yataruka kwenye matundu. Kabla ya kurudisha plagi chomoa kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage yote na ubadilishe na filta yake kabla injini haijawashwa.