"Kichwa ni changu": tunavyodanganyana kuhusu helmeti za boda

"Kichwa ni changu, nikifa nakufa mimi." Hii ndo naisikia sana kijiweni na watu wanaisema kwa kujiamini kabisa. Jamani hapana. Binamu yangu alianguka na boda mwaka juzi, hakuwa na helmeti, na wiki tatu nzima mama yake ndo alikuwa analala kwenye mkeka chini ya kitanda cha wodini, biashara yake ya vitumbua ikafa, na sisi wengine kila siku michango kwenye grupu la familia. Kichwa kilikuwa chake ila mzigo tuliubeba wote. Hata Marekani, jimbo la Michigan lilipolegeza sheria mwaka 2012 likaruhusu wenye miaka 21 kwenda juu waendeshe bila helmeti, liliwawekea sharti la bima ya matibabu isiyopungua dola 20,000. Walijua bili itaenda kwa nani.

"Naenda hapo tu." Boda ikiwa spidi 50, na huo ni mwendo wa kawaida kabisa, ukagonga kitu ukiwa kwenye mwendo huo ni kama umedondoka toka ghorofa ya tatu, mita kumi hivi. Hata kama unaenda dukani.

"Inavunja shingo." Tafiti hazijaonyesha hivyo, zilichoonyesha ni kwamba helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwa kama asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa kama asilimia 69.

"Inanuka, ina jasho la watu." Hii mimi nakubali, sio dhana potofu hata kidogo! Nilishapewa moja sponji ya ndani imechanika, nyeusi kwa mafuta ya nywele, mkanda wa kidevuni umekatika. Hiyo ukianguka inaruka kabla kichwa hakijafika chini, kwa hiyo dai yenye mkanda mzima, ni haki yako, na ukiweza vaa kitambaa kwa ndani.

"Ni mradi wa trafiki tu." Faini inakera, najua, na ndo maana helmeti zinaning'inia kwenye usukani zinavaliwa tukimuona trafiki kisha zinavuliwa. Ila lami ya mbele yake ni ngumu vilevile. Mimi nikipewa naifunga mpaka nyumbani, na dereva akiniuliza mbona siivui namwambia mama yangu ana mgongo, hawezi kulala kwenye mkeka wa wodini.