Mtwara hadi Dar kwa ndege: kilomita zake si zile za basi

Mtu akikuambia Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560, amekupa hesabu ya barabara. Wengi wetu tunaibeba hiyo hiyo hadi uwanja wa ndege, na hapo ndipo hesabu ya muda inapoharibika. Kwa mstari ulionyooka, kutoka uwanja wa Mtwara hadi ule wa Julius Nyerere ni takribani kilomita 400 tu.

Tofauti hiyo imetokana na ardhi yenyewe. Barabara inazunguka Mingoyo kukwepa mlango wa mto Lukuledi, inapita Nangurukuru na Somanga, halafu inaingia ndani kwenda kuvuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, maana huko pwani kuna delta, pale mto unapogawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini. Mstari wa angani unapita sehemu kubwa juu ya bahari, na usawa wa Rufiji unakatiza kati ya delta na kisiwa cha Mafia. Ndege ikifuata njia hiyo, anayetoka Dar akae dirisha la kulia, ndilo linalotazama bara. Siku isiyo na mawingu mikoko ya delta ni ya kupendeza mno.

Wengine huona umbali umeandikwa maili 215 wakazigeuza kama maili za nchi kavu, wakapata kilomita 346. Usafiri wa anga unatumia maili za baharini, na moja ni mita 1,852, kwa hiyo 215 ni zile zile takribani kilomita 400.

Dhana iliyokomaa zaidi ni hii: tiketi ikionyesha safari ya saa moja, basi ni saa moja ya kuwa angani. Sivyo. Muda huo unaanza ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa na kuisha inaposimama kule iendako. Humo mna kutembea kwenye lami, kusubiri zamu ya kuruka, kupanda na kushuka taratibu. Ndege kubwa ya pangaboi kama Dash 8-400 hukimbia karibu kilomita 650 kwa saa. Ukigawanya unapata dakika 37, lakini mwendo huo haushikwi tangu mwanzo wala haubaki hadi mwisho.

Kwa sababu hiyo hiyo, wanaosema jeti itawafikisha kwa nusu ya muda wanajidanganya. Airbus A220 hukimbia kama kilomita 830 kwa saa. Kwa kilomita 400, inaokoa dakika 8 za kwenye karatasi, na foleni ya kuruka pale Dar inaweza kuzimeza zote. Faida ya jeti huonekana safari ikiwa ndefu.

Kusi nayo husingiziwa kuchelewesha ndege. Upepo huo ni wa tabaka la chini, na ule wa huko juu ndege inakosafiri unaweza kuelekea kwingine kabisa.

Kwa ndugu zetu wa Lindi wanaokuja kupandia Mtwara, kuna zaidi ya kilomita 100 za barabara kabla ya kuingia uwanjani. Anayempeleka mgonjwa Muhimbili aanze kuhesabu muda pale anapofunga mlango wa nyumba, si pale ndege inaporuka, na Dar nako aweke nafasi ya foleni za barabarani.

Halafu kuna Songea. Kwa kuwa ni kusini mwenzetu, watu huamini iko karibu kuliko Dar. Uwanja hadi uwanja, Songea iko kama kilomita 500 kutoka Mtwara, mia moja zaidi ya Dar.