Mzazi Akiumia Ubongo: Mtoto Aambiwe Nini?

Mzazi aliyeumia ubongo kwa ajali, kiharusi au maambukizi anaweza kurudi nyumbani akitembea vizuri, kidonda kimeshafunga. Kwa macho ya mtoto ni yuleyule, ila sasa anafoka kijiko kikianguka, anauliza jambo moja mara tatu, na mchana kutwa yuko kitandani. Mtoto asipoelezwa hujitafutia sababu, na mara nyingi hujilaumu mwenyewe. Wa miaka 3 hadi 6 huweza kuamini kabisa kwamba neno alilosema akiwa na hasira ndilo lililoleta balaa.

Litaje tatizo kwa jina lake: "Ubongo wa baba umeumia." Ukisema tu "baba anaumwa", mtoto ataingiwa na hofu kila apatapo mafua, na mzazi aliyepoteza fahamu ukisema "amelala", mtoto ataogopa kulala. Mwambie pia kwamba jeraha hili haliambukizi, kwamba si yeye aliyelisababisha, na nani atampeleka shule kesho. Hili la mwisho watu wazima hulisahau, kumbe ndilo linalomkosesha usingizi.

Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo breki ya hasira. Ikiumia, hasira hutoka kabla mtu hajajizuia, hasa akiwa amechoka au penye kelele. Basi mambo yakitulia, sema: "Mama amefoka kwa sababu ubongo wake umechoka." Lakini kama mtoto alikosea kweli, mwambie hilo nalo, akidanganywa atagundua.

Kinachouma zaidi ni usahaulifu. Mara nyingi ya zamani hubaki na mapya hupotea, hivyo mzazi anasimulia siku mtoto alipozaliwa huku ahadi ya jana haikumbuki. Mtoto huona hapendwi. Andikeni ahadi kwenye kalenda ya ukutani, naye awe huru kumwonyesha mzazi.

Akiuliza, "Atapona?", usiape. Mara nyingi nafuu kubwa huja katika miezi 6 ya mwanzo, kisha huendelea polepole, hata kwa miaka. Jibu: "Yapo yatakayorudi, na mengine huenda yasirudi. Nikijua jipya nitakwambia."

Kijana mkubwa anaweza kusaidia kazi za nyumbani, ila kumwogesha mzazi na kusimamia dawa viachwe kwa watu wazima. Na kuelewa jeraha si kuvumilia kipigo: hasira ikipanda, mtoto atoke, aende kwa mtu mzima mliyekubaliana mapema. Mzazi akipata degedege, amwite mtu mzima mara moja. Mgonjwa alazwe ubavu, asitiwe chochote mdomoni. Ikipita dakika 5, huduma ya dharura iitwe.

Mwalimu wa darasa ajulishwe mapema. Mtoto akianza kukojoa kitandani, kulalamika tumbo au kushuka masomoni, na hali ikaendelea kwa wiki kadhaa, mpelekeni kwa mshauri nasaha.