Okalik Alikuwa Chama Gani?

Jioni nafundisha somo la uraia kwa watu wetu wanaojiandaa na mtihani wa uraia wa Kanada. Kila msimu tukifika kwenye maeneo matatu ya kaskazini, nikiandika ubaoni "Paul Okalik, kiongozi wa kwanza wa serikali ya Nunavut", mkono unanyooka: "Mwalimu, huyo alikuwa chama gani?" Nasema hakuwa na chama, wala mwenzake yeyote mle bungeni. Hapo ndipo linapokuja lile lililonichosha: "Aa, kumbe chama kimoja, kama kwetu zamani!"

Jamani, sifuri si moja.

Watanzania wa rika langu wanaukumbuka uchaguzi wa jembe na nyumba. Wagombea walikuwa wawili na alama mbili, lakini majina yote mawili yalikuwa yameshapita kwenye chujio la chama. Nunavut chujio hilo halipo. Anayetaka kiti anasimama kwa jina lake, na akishinda hana katibu mkuu wa kumpigia simu usiku. Kwa maneno yetu, bunge zima ni wagombea binafsi. Wakishakutana Iqaluit, mji mkuu, wanaoutaka upremia, yaani uongozi wa serikali, wanatoa hotuba na kuulizwa maswali na wenzao hadharani, kisha wabunge wanapiga kura ya siri. Mawaziri nao wanachaguliwa hivyo hivyo. Kazi ya premia ni kuwagawia wizara. Wanafunzi wangu wa Kongo hulielewa jambo hili upesi, maana gavana wa jimbo kwao huchaguliwa na wabunge wa jimbo.

Mtazameni Okalik mwenyewe. Alizaliwa Pangnirtung mwaka 1964. Alichaguliwa mbunge Februari 1999, wiki chache kabla ya Nunavut yenyewe kuzaliwa tarehe 1 Aprili. Wengi walidhani kiti cha premia ni cha Jack Anawak, aliyekwisha kuwa mbunge wa bunge la shirikisho la Kanada kule Ottawa. Wabunge wakampa kijana wa miaka 34. Mwaka 2004 wakamrudisha. Mwaka 2008 alishinda kiti chake cha ubunge, lakini wenzake wakamchagua Eva Aariak, mwanamke pekee aliyeshinda katika uchaguzi mkuu ule. Okalik aliacha ubunge 2011, akarudi bungeni 2013, akawa waziri, na 2016 akajiuzulu uwaziri kwa kupinga duka la bia na mvinyo Iqaluit. Mwaka uliofuata wapiga kura wakamwangusha.

"Basi upinzani uko wapi?" Uko ukumbini. Mawaziri ni wachache kuliko wabunge wa kawaida, kwa hiyo bajeti haipiti kwa kupigiana makofi. Mwulizeni Paul Quassa, mtu mzito, mmoja wa waliotia saini mkataba wa 1993 uliozaa Nunavut. Alichaguliwa premia Novemba 2017, na Juni 2018 wabunge wakamwondoa kwa kura 16 dhidi ya 3. Naibu wake, Joe Savikataaq, akashika nafasi. Katika chama kimoja mliona wapi mambo hayo?

Kasoro ipo, sifichi: mwananchi hamchagui premia moja kwa moja, na hana ilani ya chama ya kumshikia mtu koo. Hilo tulijadili. La chama kimoja nimeshalifunga.

Mengine nitapita haraka. Eti ni serikali ya Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini, peke yao: hapana, ni serikali ya wakazi wote. Wainuit ni kama asilimia 85, ndiyo maana wanatawala bungeni. (Na "Eskimo", jina walilopewa zamani, liacheni.) Eti watu wachache, kampeni ni mchezo: sensa ya 2021 ilihesabu watu 36,858, kweli, lakini katika eneo kubwa zaidi ya mara mbili ya Tanzania, lenye jamii 25, yaani vijiji na miji, zisizounganishwa na barabara. Mbunge mwenye jamii mbili anapanda ndege kwenda kuomba kura. Eti kaskazini yote iko hivyo: maeneo ya Northwest ndiyo, Yukon ina vyama. Eti Kamishna wa Nunavut ni kama mkuu wa mkoa: anateuliwa na serikali ya shirikisho, lakini siku hizi kazi yake ni ya heshima tu. Eti Nunavut ni jimbo kama Ontario: mamlaka ya jimbo yamo kwenye katiba, ya eneo yanatoka kwenye sheria ya bunge la shirikisho. Makubaliano ya kuikabidhi Nunavut usimamizi wa ardhi ya umma na madini yalitiwa saini Januari 2024 tu, na makabidhiano yamepangwa kukamilika Aprili 2027.

Na mji mkuu andikeni Iqaluit, maana yake mahali penye samaki wengi. Msiweke u baada ya q. Mkiiweka, Mwinuit atasoma habari ya watu wasiojifuta makalio.